Uzi Wenye Mafundo Matatu

Mwalimu wa Jiografia alipanga safari kuanzia mwisho. Watu wengine huuliza tutaondoka saa ngapi. Yeye aliuliza mvua itatukuta wapi. Kakamega mvua ya mchana ina saa zake, na yeyote aliyewahi kuanika mahindi hapa anazijua: saa nane, saa nane na nusu, mara chache saa tisa. Kwa hiyo aliandika saa nane chini kabisa ya karatasi, akapiga mstari, halafu akapanda juu akihesabu kinyumenyume. Saa saba na nusu tuwe tumeketi kibarazani kwa duka la njia panda. Saa sita na nusu tuwe juu ya Upara. Saa tano, Mnara. Saa tatu na nusu, Nyani. Saa mbili, Msalaba. Alipofika juu ya karatasi ndipo alipojua saa ya kuondoka, na kila mara ilikuwa saa kumi na mbili alfajiri, na kila mara alishangaa kana kwamba hesabu ilifanywa na mtu mwingine.

Hiyo ndiyo milima minne aliyoihangaikia maisha yake yote. Majina hayo huyakuti kwenye ramani. Ni ya watu wanaoishi chini yake. Msalaba ni ule ambao watu wa makanisa hupanda kuomba wakati wa Pasaka. Nyani una kipande cha msitu kilichobaki, na wenye msitu huo hukurushia matunda mabichi ukipita. Mnara una chuma cha redio, siku hizi cha simu. Upara ni mwamba mtupu, mweusi, na mvua ikinyesha unang'aa kama kichwa kilichopakwa mafuta. Iko mashariki ya mji, mahali mashamba ya miwa yanapogotana na msitu, na imelizunguka bonde moja la miwa kama watu wanne walioketi kwenye meza moja. Mtu wa mbali angeiita vilima. Mwalimu hakukubali. "Aliyepita na gari aite kilima," alisema. "Sisi tunaoteremka kwa magoti tutaita mlima."

Alitaka kuizunguka yote kwa siku moja, kwa miguu, na kurudi pale alipoanzia bila kukanyaga mara mbili njia ileile. Hilo tu. Nimezunguka nchi hii kuliko watu wengi ninaowajua, nimelala Voi na Lodwar na Malaba, na sijakutana na mtu aliyetaka kitu kidogo namna hiyo kwa nguvu namna ile.

Alinifundisha sekondari, kisha akawa jirani yetu Amalemba kwa miaka mingi, kwa hiyo nilimjua kwa pande zote mbili, wa ubaoni na wa uani. Ubaoni alikuwa mkali. Uani alikuwa mtu wa kupotea. Mkewe alifundisha shule ya msingi, nasi sote tulimwita Madam, hata akiwa jikoni. Madam akimtuma chumvi dukani, hatua mia mbili kutoka mlangoni, Mwalimu alikwenda kwa njia ya kanisa na kurudi kwa njia ya mtoni, kwa sababu kurudi kwa njia uliyokwendea, alisema, ni uvivu wa macho. Obusuma, ugali wetu, ulikuwa unapoa mezani, mboga haina chumvi, na Madam amesimama mlangoni ameshika kiuno.

"Umepitia wapi, baba? Umepitia Kisumu?"

"Nimepitia kule mtoni. Wamekata ule mti mkubwa."

"Mti nitatia kwa mboga?"

Alikuwa na sheria nyingi za kutembea na alizisema kwa sauti ya darasani. Ukipanda mlima na kuteremka ulikopandia, huo si mzunguko, hiyo ni ziara. Ukipanda pikipiki katikati, hiyo ni biashara. Maji yanywewe kabla ya kiu. Viazi vitamu vibebwe, mkate usibebwe, kwa kuwa mkate ukilowa unakuwa uji mfukoni. Mtu asiongee akipanda. Anayeongea anaiba pumzi ya wenzake. Na yeye mwenyewe aliongea kutoka chini mpaka juu.

Hayo ya kujipinga hayakuisha. Mtu huyu aliyeijua saa ya mvua alichelewa kila mahali. Alichelewa darasani, akaingia na chaki mkononi akiendelea na sentensi ambayo inaonekana aliianza koridoni. Alichelewa harusi, akachelewa mikutano ya wazazi. Mgeni wake akifika kwa wakati alimtazama kwa mashaka. Aliikemea miwa kama mtu aliyekosewa nayo, akasema imetuziba macho, kwamba watoto wa Kakamega hawajui sura ya nchi yao kwa sababu miezi kumi na minne katika kumi na minane wanatembea ndani ya ukuta wa majani. Lakini umpitie jioni, utamkuta kwenye ngazi anatafuna muwa, maganda yamemjaa miguuni. Na chai yake ilikuwa vijiko vinne vya sukari. Madam alimkataza. Alijibu, "Tumezaliwa ndani ya sukari. Sasa itatuogopesha?"

Uzi niueleze, kwa sababu bila uzi huwezi kumwelewa.

Aliyesoma jiografia anajua jinsi ya kupima njia iliyopinda kwenye ramani. Rula haiwezi. Unachukua uzi, unaulaza juu ya njia, unaufuata kila kona kwa kidole, kisha unaunyoosha kwenye kipimo cha chini na kusoma kilomita. Wengi wetu tulifanya hivyo siku moja ya mtihani tukasahau. Yeye alichukua uzi mwekundu wa Madam, ule wa kufumia vitambaa vya viti, akaulaza kwenye ramani yake ya zamani, akauzungusha Msalaba, Nyani, Mnara, Upara, mpaka ncha mbili zikakutana. Akaukata hapo. Kilomita kumi na tisa. Uzi huo alikaa nao kwenye mfuko wa shati, na kila mlima aliofika kwa miguu yake akiwa ndani ya mzunguko, aliufunga fundo mahali pake. Kufikia wakati tulipomaliza kidato cha nne ulikuwa na mafundo mawili. La tatu alilifunga mbele yetu, siku ile ya miwa. La nne halikufungwa.

Siku ile ya miwa tulikuwa watano, vijana tuliomaliza shule mwaka uliotangulia na tusiokuwa na kazi. Mimi nilikuwa nimesomea uchomeleaji chuo cha Sigalagala mihula miwili nikaacha. Mwalimu alikuja nyumba kwa nyumba na karatasi yake. Mpango ulikuwa safi. Kipande kigumu kilikuwa kati ya Mnara na Upara, kwa kuwa hapo mgongo wa milima unakatika na lazima uteremke bondeni, uvuke, upande tena. Lakini alikuwa ameshapita kukagua. Karatasi ilisema: *Mnara hadi Upara, bondeni dakika ishirini, elekea mwamba, unaonekana wazi.*

Kweli ulionekana wazi siku aliyokagua, kwa sababu miwa ilikuwa imetoka kukatwa. Bonde lilikuwa visiki na majani makavu tu. Halafu mkewe akaugua kidogo, halafu mitihani, halafu mazishi ya huyu na yule, na sisi tulipotembea ilikuwa imepita miezi kumi na minne. Mtu aliyetuambia kila wiki kwamba miwa imetuziba macho, aliipanga safari kana kwamba bonde lile litamngoja likiwa limenyolewa. Tukafika juu ya Mnara saa tano kasorobo, akafunga fundo lake la tatu huku akicheka, akageuka kutuonyesha njia. Chini yetu palikuwa kijani kitupu, kimesimama kutoka mguu wa mlima hadi mguu wa mlima.

Alitazama karatasi. Akasema, "Dakika ishirini," tukateremka.

Ndani ya miwa iliyokomaa hakuna mashariki. Majani yanakata mikono, jasho linaingia kwenye mikato, na anga ni ufito mwembamba juu ya kichwa. Mistari ya shamba moja inaelekea huku, ya jirani inaelekea kule. Tulitembea saa nzima tukafika mahali penye maganda ya viazi vitamu, tukafurahi kwamba kuna watu karibu, mpaka mmoja wetu akayatambua kuwa ni yetu. Saa nane mvua ikatukuta humo humo. Tulitokea karibu saa kumi, upande uleule tulioingilia.

Sasa, Madam alikuwa juu ya Upara. Hiyo ilikuwa sehemu ya mpango. Alipanda kwa barabara ya upande wa pili, na kikapu, na ingokho, kuku mzima aliyemchinja alfajiri, ili tukifika tule tukitazama milima mitatu tuliyoimaliza. Alikaa juu ya mwamba kuanzia saa sita. Alinyeshewa. Hakukuwa na simu siku hizo. Alirudi nyumbani kabla yetu, akabadilisha nguo, akawasha jiko.

Tulipoingia, Mwalimu alianza kueleza. Alisema mto umejaa. Alisema daraja limesombwa, ikabidi turudi. Madam alimimina chai, akatia vijiko vinne bila kumgombeza, akamsikiliza mpaka mwisho. Sisi tulitazama sakafu.

"Kuku nimekula mwenyewe," alisema. Kisha: "Niliwaona."

"Uliona nini?"

"Niliwaona nyinyi. Miwa ilikuwa inatikisika mkipita. Mnaenda huku, mnarudi, mnazunguka, mnapita pale pale. Niliita mpaka sauti ikaisha. Mara mbili mlikuwa karibu tu, pale chini ya mwamba, halafu mkageuka." Akaweka birika chini. "Hakuna daraja pale, Mwalimu. Hakuna hata mto."

Nimeisimulia hadithi hiyo kwenye malori mengi na watu hucheka. Mimi mwenyewe nilicheka kwa miaka. Lakini Mwalimu hakuicheka hata mara moja. Alichokitaka baada ya hapo kilibadilika, nadhani, ingawa karatasi ilibaki ileile. Alitaka kusimama pale aliposimama mkewe na kutazama chini aone alichoona. Madam alikataa kupanda tena. Akafa miaka kadhaa baadaye, ugonjwa wa siku chache, na fundo la nne bado.

Siku ya mazishi yake, walipoanza kurudishia udongo, Mwalimu hakuonekana. Tukamtafuta. Alikuwa anatembea kando ya ua, peke yake, na suti yake nyeusi, ameondoka kwa upande wa zizi. Alizunguka boma lote taratibu akatokea upande wa jikoni, akaja kusimama pale alipokuwa amesimama mwanzo. Wazee walinong'ona. Mimi nilielewa, au nilidhani nimeelewa.

Nilipaswa kukaa Kakamega wakati huo. Lakini mimi miguu yangu haitulii. Nikiwa mbali naukumbuka mji huu mpaka kifua kinaniuma. Nakumbuka harufu ya molasi upepo ukivuma kutoka magharibi, na ngurumo ya saa saba na nusu ambayo inawafanya wanawake wote wa mtaa watoke pamoja kuanua nguo. Nikirudi, wiki ya tatu naanza kutazama malori yanapopita. Nilianza kama utingo, nikawa dereva. Nimerudi na kuondoka mara nyingi hata majirani wameacha kunipa mkono wa kwaheri.

Mwalimu alinipigia simu nikiwa Voi. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu wakati huo, sukari ilikuwa imeshampata.

"Miwa imekatwa," alisema. Hakunisalimu.

"Mwalimu, mulembe."

"Mulembe. Imekatwa jana. Nimesimama Mnara, nimeuona mwamba. Kuja."

"Mwezi ujao, Mwalimu. Nina mzigo."

"Miwa haitakuwa na mwezi ujao."

Nilikuja baada ya miezi mitano. Miwa ilikuwa imefika kifuani. Alisema bado inafaa, bado vichwa vyetu vitaonekana juu yake. Lakini nilikuwa na siku mbili tu na siku zote mbili kulikuwa na mtu wa kumwona. Ilipokatwa tena, mwaka na nusu baadaye, nilikuwa Lodwar. Simu ililia nikiwa nimekaa kivulini na wenzangu tunakunywa chai. Nililiona jina. Nilijua ni miwa. Niliitazama mpaka ikanyamaza, kwa sababu sikuwa na uongo mpya.

Ule ndio ulikuwa msimu wa mwisho aliouona kwa macho yake.

Mwaka huu binti yake alinitafuta. Tunamwita Mama Neema. Alihama kutoka kwa mumewe kule Lugari, akaacha mahindi yake shambani, akaja kumtunza baba. "Kaka," alisema kwenye simu, "kuja umwone. Hakuulizii."

"Haniulizii?"

"Hakuulizii, lakini kila siku anasemanga mtu wa barabara atakuja. Figo zimechoka. Jumanne na Ijumaa tunampeleka kusafishwa damu. Daktari ameacha kuniambia ya mwezi ujao, ananiambia ya wiki hii. Kuja."

Nilimkuta sebuleni kwenye meza, ametazama ukuta. Amekuwa mwembamba hata kola ya shati ilisimama peke yake. Mikononi alikuwa na uzi. Ulikuwa umefifia, mwekundu umekuwa rangi ya vumbi la matofali, na alikuwa anaupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, mpaka fundo la kwanza, anasimama, mpaka la pili, anasimama.

"Mulembe, Mwalimu."

"Huyo ni mtu wa barabara. Anaburuta kisigino. Nilikwambia uinue mguu, ama hukusikia?"

"Nilisikia."

"Ulisikia ukiwa kidato cha pili. Keti. Chukua karatasi."

Sikuwa nimekaa hata dakika tano. Mama Neema alileta kalenda ya mwaka jana, nikaigeuza upande mweupe. Mwalimu akasema, "Andika chini kabisa: saa nane."

Tulipanga kwa siku tatu. Kusema kweli ilikuwa imepangwa kwa miaka thelathini, lakini aliirudia kipande kwa kipande kama mtu anayefunga mzigo wa mbali. Ningetembea mimi. Ningempigia kutoka kila kilele, naye angeushika uzi mahali hapo. Kwenye kilele cha nne ningemweleza ninachokiona chini, kila kitu, bila haraka, kisha angefunga fundo. Jumamosi, kwa sababu Ijumaa anasafishwa na Jumamosi kichwa chake huwa chepesi. Jumapili hapana, mtandao unajaa watu. Jumatatu mimi nilikuwa na mzigo wa kwenda Malaba, hilo nilimwambia kwa sauti ya chini.

"Na miwa?" aliuliza.

"Nimempigia mwenye shamba. Anasema inakatwa wiki hii. Kufikia Ijumaa itakuwa chini yote."

"Mkulima wa miwa akikwambia wiki hii, muulize wiki ya nani." Uzi ulisimama kidoleni. "Lori limefika shambani?"

"Anasema linakuja."

"Linakuja. Enda uone kwanza."

"Nitaenda kesho, Mwalimu."

Sikwenda. Nilipeleka lori gereji, nikaona watu, nikaketi na watu. Ijumaa jioni aliniuliza kama nimeona, nikasema nimeona, bonde ni jeupe. Uso wake ulilegea mara moja kama wa mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Aliomba chai. Mama Neema akatia sukari punje chache, naye akasema hii si chai, haya ni maji ya kuoshea vikombe, na kwa mara ya kwanza tulicheka sote watatu.

Saa mbili kasoro dakika nne nilikuwa Msalaba. Nilimpigia. Alisema, "Endelea." Saa tatu na dakika ishirini, Nyani. "Wamekurushia?" "Wamenirushia." "Vizuri. Endelea." Nilikuwa na miaka arobaini na tano na pumzi ilinitoka kama ya ng'ombe, lakini nilikuwa na furaha ya namna ambayo barabara haijanipa kwa muda mrefu. Saa tano kasoro dakika kumi nikashika chuma cha Mnara, nikageuka.

Miwa ilikuwa imesimama. Ilikuwa imepitwa na wakati wake, imezeeka, na sehemu kubwa imelala, imefumana kama nywele zisizochanwa. Ukingoni kulikuwa na kiraka kimoja kilichokatwa, kidogo kama uwanja wa kanisa, na miwa imelundikwa hapo inakauka. Lori halikuwa limekuja.

Simu ililia. Alikuwa amechoka kungoja nipige mimi.

"Uko Mnara?"

"Niko."

"Mwamba unaonekana?"

Mwamba ulionekana, hilo lilikuwa kweli. "Unaonekana wazi," nikasema.

"Dakika ishirini," alisema.

Ningemwambia hapo. Nimejiuliza sana kwa nini sikumwambia. Kuzunguka kwa barabara kungenichukua saa tatu, na huo usingekuwa mzunguko wake. Na kungoja ikatwe: wiki ya nani? Nilidhani nitafuata mfereji mmoja bila kuuacha, nishike upande mmoja tu, nitatokea. Nikaingia.

Mfereji ulikwisha kwenye miwa iliyolala. Nikapanda juu yake, nikaanguka ndani, nikatambaa. Nikapata mfereji mwingine. Majani yalinikata mahali palepale yaliponikata nikiwa kijana, chini ya macho na juu ya vifundo vya mikono. Saa sita na nusu ikapita. Saa saba ikapita. Niliita, sijui nilikuwa namwita nani. Nilisimama mara kwa mara kusikiliza, nikasikia majani tu, na baadaye ngurumo, pale pale kwenye saa yake.

Simu ililia saa nane kasoro dakika tano. Niliitazama kama nilivyoitazama Lodwar. Kisha nikaipokea.

"Umefika?"

"Nimefika, Mwalimu."

Nilisikia kiti kikilia, nadhani aliketi vizuri. "Niambie," alisema.

Nikamwambia. Nilikuwa nimekaa chini kwenye matope na miwa imenifunika, nikamweleza milima mitatu. Nilisema Msalaba uko kushoto, mdogo, na Nyani una ukungu mabegani. Nilisema naona mnara umesimama kama sindano. Nilisema bonde ni jeupe lote, visiki tu, na njia niliyopita inaonekana kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nilisema mwamba una joto. Niliendelea kusema kwa sababu hakunikatiza, na huyu ni mtu ambaye alimkatiza kila mtu maisha yake yote. Matone ya kwanza yakaanguka. Yakazidi, kisha mvua ikaja yote kwa pamoja, nikainua sauti nimweleze jinsi mwamba unavyoanza kung'aa.

"Hiyo mvua," alisema taratibu, "iko kwa majani ya miwa."

Nilijaribu kuikinga simu kwa kiganja.

"Kwa mwamba hainyeshi hivyo."

"Mwalimu."

"Rudi kwa njia uliyoingilia."

"Mwalimu, naweza kutokea, niko karibu, nipe saa moja tu."

"Rudi kwa njia uliyoingilia," alisema tena, mtu aliyezunguka boma zima siku ya kumzika mkewe asirudi kwa njia aliyoendea. "Fuata miwa uliyovunja. Usiwe kichwa kigumu kama mimi." Akakata.

Niliifuata miwa niliyoivunja. Saa kumi na moja jioni nilikuwa Amalemba, matope mpaka kiunoni. Mama Neema alifungua mlango, akanitazama, akaenda kuleta beseni bila kuuliza. Mwalimu alikuwa pale pale mezani. Uzi ulikuwa mbele yake, umenyooshwa kama kwenye kipimo.

"Lori halikuwa limefika," nikasema.

"Najua."

"Sikwenda kuangalia. Nilikudanganya jana pia."

"Hilo nimelijua leo." Alinyoosha mkono hewani mpaka akaupata wangu, akapapasa mikato, mmoja baada ya mwingine, kwa ncha za vidole, kama alivyozoea kuusoma uzi. "Mimi nilisema daraja," alisema. "Daraja ambalo halipo. Madam akaniacha niongee mpaka chai ikaisha."

"Jumatatu siendi Malaba," nikasema. "Nitangoja ikatwe."

Alijua hesabu kuliko mimi. Alikuwa ameshaanza kutoka mwisho na kurudi nyuma, na alijua ni saa ngapi. Mama Neema aliweka beseni sakafuni na kusimama na taulo.

"Niambie kitu kimoja," Mwalimu alisema, mkono wangu ukiwa bado ndani ya wake. "Na uniambie ukweli. Ulipokuwa ndani, miwa ilikuwa inatikisika?"

"Ilikuwa inatikisika, Mwalimu. Nilipopita kote."

Akaitikia kwa kichwa polepole, macho yake yakitazama juu ya bega langu, mbali, juu zaidi ya ukuta.

"Basi angekuona," alisema.